Ukuta Unaotoka Jasho

Kiswahili kina maneno mengi kwa jambo hili moja, na wingi huo wenyewe ni ushahidi kwamba watu wa pwani wameishi nalo kwa muda mrefu. Kuna kawa, yale madoa meusi madogo madogo yanayotokea kwenye kanga iliyokunjwa ikiwa bado na majimaji. Kuna koga, utando wenye utelezi unaoshika mitungi na sakafu za bafuni. Kuna ukungu, unaoota juu ya mkate uliosahauliwa, na ambao jina lake tunalitumia pia kwa mvuke mzito wa alfajiri. Kuna kuvu, neno la jumla ambalo vitabu vya sayansi vimelichukua. Na kuna uvundo, ambao hauonekani kwa macho, ila hukupokea mlangoni kabla mwenye nyumba hajakukaribisha.

Jambo linalonishangaza ni kwamba karibu maneno yote haya, tukiyatamka juu ya nyumba ya mtu, yanageuka kuwa matusi. Mwambie mwenzako kwamba paa lake linavuja, atakushukuru na kukuuliza kama unamjua fundi. Mwambie kwamba chumba chake kina uvundo, na urafiki wenu umeingia dosari. Tumekubaliana, bila ya kukaa kikao, kwamba ukungu ni mtoto wa uchafu, na uchafu ni mtoto wa uvivu, na uvivu huo tunampelekea moja kwa moja mwanamke mwenye nyumba. Nimemwona mwanamke msafi kuliko wote katika ukoo wetu akibebeshwa lawama hiyo kwa miaka, na ndiyo sababu nimeona niandike.

Shangazi yangu anakaa katika nyumba ya urithi, Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye mojawapo ya vichochoro ambavyo watu wawili wenye makapu hupishana kwa kugeuka ubavu. Ni nyumba ya ghorofa mbili, ya mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa udongo na chokaa. Kuta zake zina unene wa nusu mita na zaidi, na vyumba vyake ni vyembamba na virefu kama vilivyo katika nyumba nyingi za mji ule, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Hapo zamani palikuwa na ua wa ndani ulio wazi, ambapo hewa ya moto ilipanda juu na kutoka, na hewa ya baridi ikaingia kwa chini kupitia mlangoni. Warithi waliuezeka ua huo kwa mabati ili wapate jiko na mahali pa kuanikia siku za mvua. Katika chumba cha chini kinachopakana na ua huo ndimo alimokuwa akilala mjukuu wa shangazi, mtoto wa miaka 6 wakati huo, ambaye mama yake alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam.

Mtoto alikuwa na pumu. Mwaka 2018 peke yake alipelekwa hospitali usiku mara tatu, mara moja akiwa na midomo iliyoanza kubadilika rangi. Aliyewahi kumbeba mtoto wa namna hiyo kichochoroni usiku wa manane, huku akisikia ule mluzi kifuani mwake, hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa, pumu ya mtoto huyu ilikuwa na tabia ya kuchagua mahali. Shule zikifungwa alikwenda kwa mama yake, na huko alicheza mpira mchana kutwa. Akirudi Unguja, haipiti wiki mbili kikohozi kinaanza, na zaidi usiku na alfajiri. Watu walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ni vumbi la mji. Wengine walisema ni husuda, na kwamba nyumba kongwe haikosi wenyewe wasioonekana. Shangazi hakubishana na mtu. Kila Alhamisi jioni alichukua chetezo akafukiza udi na ubani chumba hadi chumba, akaanza na chumba cha mtoto, ambacho ndicho kilichokuwa na uvundo mkubwa. Harufu ilipotea kwa usiku mmoja. Lakini moshi ni moshi, hata ukiwa wa udi wa thamani, na kifua chenye pumu hakitofautishi moshi wa heri na moshi wa jiko.

Nyuma ya kabati la mbao za kubandika, ukuta ulikuwa mweusi. Haukuwa weusi wa rangi moja. Yalikuwa madoa ya mviringo yaliyokutana yakawa kama ramani ya visiwa, mengine ya kijani kibichi pembezoni. Kila mwaka baada ya masika shangazi aliyasugua kwa jiki mpaka vidole vikachubuka, na kila mwaka binamu yangu, ambaye ndiye msimamizi wa nyumba kwa niaba ya warithi, alileta kopo la rangi ya mafuta, ukuta ukapakwa, ukang'aa. Ilipofika Julai rangi ilianza kutoa malengelenge. Ilipofika vuli madoa yamerudi. Binamu alikuwa akisema mbele za watu, kwa sauti ya mzaha, "Shangazi siku hizi amechoka, nyumba imemshinda." Shangazi alicheka pamoja na wengine.

Daktari mmoja wa watoto ndiye aliyeuliza swali ambalo sisi hatukuliuliza. Hakuanza na dawa. Alitaka kujua mtoto analala chumba gani, dirisha linafunguka kuelekea wapi, na kama kuna ukuta wowote wenye madoa au harufu. Kisha akasema kwamba ataendelea kumpa dawa ya kuvuta, lakini dawa hiyo inafanya kazi mchana, na chumba kinafanya kazi usiku kucha.

Tangu hapo nilianza kusoma, kwa kuwa nina muda na sina uwezo wa kukaa kimya. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba vijimbegu vya kuvu viko kila mahali, katika kila pumzi, ndani na nje ya kila nyumba duniani, ile ya tajiri na ile ya maskini. Ni vidogo mno. Mia moja vikipangwa mstari havifiki milimita moja. Kimoja cha jamii hiyo kiliangukia kwenye sahani ya maabara ya Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, na kutoka kwake tukapata penisilini iliyookoa mamilioni ya watu. Kwa hiyo kuvu si adui wa binadamu kwa asili yake. Inataka vitu vitatu tu: joto la kadiri, chakula, na maji. Joto tunalo mwaka mzima. Chakula chake ni mbao, karatasi, gundi, rangi, nguo, hata vumbi lenyewe. Vitu hivyo viwili hatuwezi kuviondoa nyumbani. Kilichobaki ni maji. Nyumba ikikauka, vile vijimbegu vinakaa vimelala. Ikilowa na kubakia imelowa kwa siku mbili tu, vinaamka.

La pili nililojifunza ni kupima maneno. Katika miaka ya 1993 na 1994, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, watoto wachanga kadhaa walitokwa na damu mapafuni, na wachunguzi wakadhani ni kuvu nyeusi iitwayo Stachybotrys. Habari ikaenea, watu wakaogopa weusi wowote ukutani kana kwamba ni sumu ya nyoka. Lakini mwaka 2000 kituo cha taifa cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilipitia upya kazi hiyo, kikasema uhusiano huo haukuthibitika. Kilichothibitika ni cha kawaida zaidi, na kwa mtazamo wangu ni kizito zaidi kwa sababu kinawagusa wengi. Taasisi ya Tiba ya Marekani mwaka 2004, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, walikusanya tafiti nyingi na kufikia maneno yanayokaribiana: watu wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na ukungu wanapata zaidi kikohozi, mafua yasiyokwisha, mluzi wa kifua, na mashambulizi ya pumu. Shirika la Afya Duniani halikuweka hata kiwango cha idadi ya vijimbegu kinachoruhusiwa, kwa kuwa ushahidi haukutosha kukiweka. Lilichosema ni kwamba unyevu wenyewe uzuiwe na ukungu uondolewe. Na ikiwa ukungu unauona kwa macho, huna haja ya kumlipa mtu aje na vyombo kukuambia jina lake.

Nikamtafuta fundi mwashi mzee, mmoja wa wale waliojifunza kazi ya chokaa kwa baba zao na baadaye wakafanya kazi ya kutengeneza majumba ya zamani, tangu serikali ilipoanzisha mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe mwaka 1985. Alikuja baada ya sala ya alasiri, akamwamkia shangazi, "Shikamoo, Bi Mkubwa," akaitikiwa, akavua viatu. Hakutazama madoa. Aliuweka mgongo wa mkono ukutani, akausogeza taratibu kutoka sakafuni kwenda juu, kama mtu anayempima homa mtoto. Kisha akagonga kwa kifundo cha kidole, hapa, pale, na pale. Mahali pengi ukuta uliitika kama debe tupu.

"Ukuta huu, Bi Mkubwa," akasema, "umevalishwa koti la mpira. Nawe ujue mtu aliyevaa koti la mpira katika jua letu, jasho lake halina pa kwenda."

Alitueleza, na yale aliyosema nimeyakuta baadaye vitabuni kwa lugha ngumu zaidi. Jiwe la tumbawe lina vitundu vitundu. Linanyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta, na maji hayo huja na chumvi. Waliojenga mji ule hawakujaribu kuyazuia. Walipiga lipu ya chokaa na kupaka chokaa juu yake, nayo chokaa huyaachia maji yatoke upande wa pili na kukauka kwa upepo. Maji yaliingia, maji yakatoka, na hesabu ilikuwa sawa. Lipu iliyomomonyoka kwa chumvi ilikwanguliwa kila baada ya miaka kadhaa na kupigwa upya. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kufa badala ya ukuta. Kisha ikaja saruji. Saruji ni nzuri kwa tofali la saruji. Lakini ukiipiga juu ya ukuta wa matumbawe, na juu yake rangi ya mafuta, umeufunga mlango wa kutokea huku mlango wa kuingilia ukiwa wazi. Maji yanapanda juu zaidi yakitafuta njia, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma, na ndani ya chumba uso wa ukuta unabaki baridi na wenye majimaji mwaka mzima. Chumba kile kilipigwa saruji hadi kimo cha mtu na mkandarasi mmoja, miaka ishirini hivi nyuma, na siku hiyo kila mtu alisifu ulaini wake.

Fundi akataka kuona juu. Huko alikuta mambo mawili. Mlizamu wa paa ulikuwa umevunjika kwenye kiungo, na mvua yote ya upande ule ilikuwa ikimwagika juu ya kichwa cha ukuta uleule. Na katika chumba cha ghorofa ya kwanza, ambacho binamu alikuwa akikipangisha kwa wageni, palikuwa na kiyoyozi ambacho mpira wake wa kutolea maji ulikuwa umeingizwa katika tundu la ukuta na kuishia humo. Mimi sikuwa nimefikiria kiyoyozi. Lakini hewa yetu ina maji mengi sana: hewa yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande mara tu inapogusa kitu chenye nyuzi 26. Kiyoyozi kinakamua maji hayo kutoka hewani, ndoo kwa ndoo kila siku, na maji hayo yalikuwa yakipewa ukuta unywe. Fundi alisimama akitazama ule mpira, akasema kwa upole, "Basi mwenye kulowesha ni huyu, na mwenye kusugua ni Bi Mkubwa."

Kikao cha ukoo kilifanyika mwezi wa Novemba. Sitakificha: kilikuwa kikali. Binamu si mtu mbaya. Kodi ya kile chumba cha wageni ndiyo iliyolipa umeme wa nyumba nzima na ada ya shule ya mtoto mwenyewe. Alisema kwamba kuvunja lipu ya chumba kizima, kutengeneza mlizamu, kufungua sehemu ya paa la ua na kuuhamisha mpira wa kiyoyozi ni gharama ya msimu mzima, na fundi wa chokaa anataka muda mara tatu ya fundi wa saruji. Alipendekeza rangi mpya, ya aina inayosemekana kuua ukungu, na mtoto apelekwe Dar es Salaam kwa mama yake. Mama wa mtoto, aliyekuwa akisikiliza kwa simu, alilia, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya zamu za usiku na hakuwa na wa kumwachia.

Shangazi alisubiri kila mtu amalize. Akasema, "Mtoto akiondoka, ukuta utabaki. Na mimi nitabaki nao. Mimi ndiye mliyesema siku zote nimechoka. Sasa fundi amesema maji yanatoka juu. Siombi mniombe radhi, wanangu. Naomba maji yazuiwe."

Baada ya hapo hapakuwa na maneno mengi. Binamu aliinamisha uso, kisha akaomba fundi amletee hesabu.

Kazi ilianza katikati ya Januari 2019, vuli ikiwa imekwisha na kaskazi kavu ikivuma. Naieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu nimeona watu wengi wakiamka asubuhi moja na kukwangua ukungu kwa hamaki, madirisha yamefungwa, watoto wanatazama, na kwa kazi hiyo wanaeneza nyumba nzima kile kilichokuwa pembe moja. Sehemu ndogo, isiyozidi mita moja ya mraba, mtu mwenye afya anaweza kuisafisha mwenyewe kwa sabuni na maji, akaikausha. Ikizidi hapo, au ikiwa nyumbani mna mtu wa pumu, mzee dhaifu au mtoto mchanga, ni kazi ya kupangwa.

Kwanza maji yalizuiwa. Mlizamu ulibadilishwa na mpira wa kiyoyozi ukashushwa nje hadi kwenye mfereji kabla jiwe moja halijaguswa ndani, kwa maana kusafisha ukuta unaoendelea kulowa ni kufagia ufuo wakati maji yanajaa. Kisha mtoto alihamishiwa ghorofa ya juu na hakukanyaga chini siku zote za kazi. Mlango wa chumba unaoelekea ndani ya nyumba ulifungwa kwa nailoni na gundi ya karatasi pembeni, dirisha la nje likaachwa wazi, na feni haikuwashwa hata mara moja. Fundi na wasaidizi wake wawili walivaa barakoa zile zinazochuja vumbi laini, aina ya N95, maana kitambaa cha kawaida hakizuii kitu kidogo namna ile. Walivaa glavu na miwani ya kazi, si kwa ajili ya ukungu tu bali kwa ajili ya chokaa, ambayo huunguza jicho. Ukuta ulinyunyizwa maji kidogo kabla ya kukwanguliwa ili vumbi lisiruke. Lipu iliyotoka ilitiwa magunia yenye nailoni ndani, yakafungwa mdomo humohumo chumbani, ndipo yakapitishwa nje.

Jiki haikutumika. Shangazi alishangaa, naye ndiye aliyeinunua kwa miaka. Jiki huondoa rangi ya ukungu, hivyo jicho huridhika, lakini kwenye kitu chenye vitundu haifiki kwenye mizizi, na maji yake yanabaki ndani kuwa kinywaji. Tena ukungu uliokufa bado unaweza kumkohoza mwenye pumu, lazima utolewe. Na kuna hatari nyingine ambayo kila nyumba ingefaa kuijua: jiki ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi, au na kitu chenye amonia, hutoa hewa ya sumu, na wapo walioanguka bafuni kwa kutaka usafi wa mara mbili.

Vitu vya chumbani vilileta mtihani wake. Fundi alitupa kanuni rahisi: kigumu hufutwa, cha kitambaa hufuliwa, kilichonyonya hutupwa. Kitanda cha msaji kilifutwa na kuanikwa juani. Kanga na mashuka vilifuliwa kwa maji ya moto. Godoro na lile kabati la mbao za kubandika vilikwenda jaani, na shangazi alilitazama kabati likitoka kama anayesindikiza jeneza, kwa kuwa lilikuwa la arusi yake. Ndani yake mlikuwa na msahafu wa marehemu mume wake, kurasa za mwisho zimeshika madoa. Hapo hapakuwa na wa kusema neno kutupwa. Fundi mwenyewe aliuchukua hadi kwenye roshani, akauacha wazi kivulini kwa upepo wa siku tatu, kisha akiwa amevaa barakoa akazifuta kurasa moja moja kwa kitambaa kikavu, akielekea nje. Madoa yalibaki. Harufu ilikwisha. Sasa umewekwa juu, kwenye rafu iliyo wazi, mbali na ukuta.

Ukuta uliachwa uchi wiki nne. Kisha ikapigwa lipu ya chokaa iliyokwisha kuzimwa na kulowekwa kwa miezi, sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, tabaka jembamba, siku nyingi za kusubiri, tabaka jingine, magunia yenye majimaji yakitundikwa mbele ili isikauke kwa haraka. Chokaa haikauki tu. Inavuta hewa na kurudi polepole kuwa jiwe, na ikiwa bado mpya ukali wake kuvu haiuwezi. Juu ya ua, karatasi nne za mabati ziliondolewa na nafasi ikainuliwa kwa kipaa kidogo chenye matundu ubavuni, hivyo mvua haiingii na hewa inatoka.

Sitaki kumpa msomaji hadithi ya muujiza. Masika ya 2019 mstari wa unyevu ulionekana bado, kwani ukuta ulionyweshwa miaka ishirini haukauki kwa miezi mitatu. Chumvi nyeupe hutokea chini karibu na sakafu hata leo, na shangazi huipangusa kwa ufagio mkavu. Lakini weusi haukurudi. Mtoto alirejea chumbani mwanzoni mwa 2020. Pumu anayo na dawa ya kuvuta anayo. Ugonjwa huo hauondoki kwa lipu. Ila baada ya kazi ile alipelekwa hospitali usiku mara moja tu, alipokuwa na mafua makali. Udi sasa hufukizwa akiwa shuleni, milango wazi.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Siku hiyo mtaa mzima ulikuwa ukigonga kuta zake kwa vifundo vya vidole. Na siku chache tu kabla yake, mwezi uleule, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, alikufa mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba mtoto yule aliuawa na maradhi ya kifua yaliyotokana na kuishi muda mrefu kwenye nyumba yenye ukungu. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, na aliambiwa apake rangi. Waliosimamia nyumba zile walikiri baadaye kwamba walikuwa na dhana zao juu ya namna familia ile inavyoishi. Niliposoma hivyo niliweka gazeti chini. Bahari na maelfu ya maili, lakini ushauri ulikuwa uleule wa kopo la rangi, na dhana ileile kwamba tatizo ni watu waliomo ndani. Kwa jina la mtoto huyo England imetunga sheria, iliyoanza kutumika Oktoba 2025 katika nyumba za kupangisha za kijamii, inayomlazimisha mwenye nyumba kushughulikia hatari ya dharura ndani ya saa 24.

Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, na tunajenga kwa kasi. Nyumba mpya ninazoziona Ng'ambo na Dar es Salaam zina madirisha ya vioo vya kusukuma yasiyofunguka zaidi ya nusu, bafu lisilo na tundu la hewa, na kiyoyozi kila chumba. Hazina tumbawe, lakini zina maji yasiyo na njia, na wapangaji wake wengi hawana kikao cha ukoo cha kupeleka shauri lao.

Rafiki yangu Mkristo aliwahi kunionyesha kwamba jambo hili lina sura yake katika Mambo ya Walawi, sura ya 14. Kuhani anaitwa kutazama nyumba iliyoota madoa ya kijani na mekundu. Anaamuru nyumba itolewe vitu, anaifunga siku saba, anarudi kutazama. Yakiwa yameenea, mawe yenye pigo yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, lipu inakwanguliwa, mawe mengine na lipu mpya vinatiwa. Yakirudi tena, nyumba inabomolewa. Nilichokipenda katika habari hiyo ni kwamba hapaulizwi popote nani alishindwa kufagia. Kinachotazamwa ni ukuta.

Wazee walisema nyumba njema si mlango. Nami sasa, nikiingia kwa mtu na kupokewa na uvundo, simtazami tena mwenye ufagio. Natazama juu kwenye paa, natazama mabomba, natazama wapi upepo umezibwa, na kama tumezoeana vya kutosha namuuliza swali moja tu: maji yanatoka wapi?